Mgonjwa wa Saratani Nyumbani: Lilindeni Tumbo Lake

Kijitabu hiki ni cha nyumba ambayo ndugu amerudi kutoka Ocean Road, Bugando, KCMC au hospitali nyingine, yumo kwenye dripu za saratani au mionzi. Hospitali anakwenda kwa tarehe. Siku nyingine zote yuko mikononi mwenu.

Kabla ya chakula: msimnunulie antibayotiki

Msimnunulie antibayotiki dukani. Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalotuletea wagonjwa walewale, kwa njia ileile. Mama kaharisha siku mbili. Kijana katumwa duka la dawa, karudi na vidonge vya rangi mbili na Flagyl, nusu dozi kwa kuwa hela haikutosha. Tumbo linatulia kidogo, kisha linafunguka upya, homa inapanda, na mama analetwa amebebwa. Waliomnunulia walimpenda, hilo tunalijua. Dawa ile haikumfaa.

Tumboni mwa kila mtu wamo bakteria wazuri wanaosaidia kusaga chakula na kuwazuia wabaya wasistawi. Matibabu ya saratani huwavuruga. Antibayotiki ya kubahatisha huwaua na wale waliosalia.

Ikiwa daktari anayejua matibabu yake ndiye aliyemwandikia, anywe yote mpaka dozi iishe, asiogope. Tunayoikataa ni ya kukisia: ya dukani bila cheti, iliyobaki kabatini, aliyoleta jirani.

Homa

Kipimajoto kikifika nyuzi 38, hata kama ni usiku wa manane, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Akiharisha

Mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti: pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi na salama, anywe kidogo kidogo, mchana na usiku. Mpeni uji laini, wali, ndizi mbivu, mtori, supu isiyo na mafuta mengi. Maharage, dona, pilipili na maziwa viwekeni kando mpaka tumbo litulie. Wanawake wanaopigwa mionzi ya shingo ya kizazi wengi huharisha matibabu yakishaanza kukolea. Wamwambie mtoa mionzi siku hiyohiyo, wasione haya. Msimpe dawa ya kufunga tumbo kabla ya kuuliza. Na antibayotiki msimnunulie. Akienda choo mara 4 au zaidi kupita kawaida yake kwa siku, akiona damu, akishindwa kunywa, mdomo ukikauka au mkojo ukipungua, msingoje tarehe ya kliniki.

Tumbo likiwa zima

Hapa ndipo chakula chetu wenyewe kinapofanya kazi. Bakteria wazuri wanaishi kwa makapi ya nafaka, kunde na mboga: ugali wa dona, viazi vitamu, maharage yaliyoiva hasa, kunde, choroko, mchicha, matembele. Anzeni na kidogo. Akishindwa sahani moja kubwa, mpeni vijiko vichache mara 5 au 6 kwa siku. Samaki, mayai, nyama na dagaa ale. Mwili unaopigana unahitaji vya kujengea. Wapo wanaomnyima mgonjwa nyama na uji wa sukari wakisema vinalisha saratani. Mgonjwa anakonda, anakosa nguvu, na dripu inayofuata inaahirishwa. Msimshindishe njaa.

Kiporo

Apewe mwingine.

Vinavyomwingiza hatarini

Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu ndipo kinga ya wengi hushuka zaidi, lakini tahadhari ni ya kila siku. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote. Mtindi wa maziwa mabichi asinywe kabisa, hata kama ndio aliokulia. Ule wa kiwandani aulizie kwanza kliniki. Mayai yaive mpaka kiini kigande. Mshikaki wenye damu ndani, kachumbari ya mgahawani, matunda yaliyokatwa na kupangwa barabarani: hapana. Papai, embe na ndizi vioshwe na kumenywa nyumbani, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Juisi ya rozela ni nzuri ikitengenezwa kwa maji yaliyochemshwa. Vidonge vinavyouzwa kuwa ni vya bakteria wazuri msimpe bila daktari: kinga ikiwa chini, hata bakteria hao wanaweza kuingia kwenye damu. Dawa za mizizi na majani mwambieni daktari kabla hajazinywa. Nyingine hupambana na dawa za saratani. Hatutawagombeza mkisema.

Panadol

Pimeni joto kwanza, maana Panadol huificha homa huku maambukizi yakiendelea.

Mkifika zahanati ya jirani

Usiku huenda hospitali ya saratani ikawa mbali. Nendeni kituo kilicho karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe: "Huyu yuko kwenye dawa za saratani, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani." Msikubali kukaa kwenye foleni kimya. Onyesheni kadi yake ya matibabu. Kama mlishampa kidonge chochote cha dukani, kitajeni, na pakiti yake mwende nayo.