Kisu Kinachofyatuka: Taswira ya Kisu cha Sinema na Msamiati wa Silaha katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza taswira ya kisu cha kufyatuka, yaani kisu cha kukunja ambacho bapa lake huchomoka lenyewe mara kitufe cha mpini kinapobonyezwa, kama taswira hiyo ilivyojengwa na sinema za Marekani na India katika miaka ya 1950 na 1960, na kuilinganisha na jinsi Kiswahili cha Tanzania kinavyokitaja kisu. Mahali tutakapopatumia kama kioo ni Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali katika Mkoa wa Mbeya, kwenye tambarare za Usangu. Rujewa haikuteuliwa kwa kuwa ina visu vya aina hiyo. Imeteuliwa kwa sababu iliyo kinyume kabisa: ni nchi ya mpunga na ng'ombe, ambamo mundu, panga, kisu na sime huonekana mchana kutwa mikononi na viunoni mwa watu, na hakuna anayeshtuka. Swali letu basi ni hili: kitu kinachoonekana kila siku hugeukaje kuwa alama ya uhalifu, na lugha ina mchango gani katika mgeuko huo?

2.0 Kisu katika Sinema

Visu vya kufyatuka si uvumbuzi wa watengenezaji wa filamu. Vilikuwapo Ulaya tangu zamani, na baada ya Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walirejea kwao na visu vyembamba vilivyotengenezwa Italia. Kilichofuata ni kazi ya magazeti na sinema. Mnamo Novemba 1950 jarida la wanawake la Woman's Home Companion lilichapisha makala ya Jack Harrison Pollack iliyokiita kisu hicho mwanasesere anayeua. Miaka mitano baadaye filamu mbili ziliipa taswira hiyo sura na sauti. Katika Blackboard Jungle (1955) ya Richard Brooks, mwanafunzi anamtolea mwalimu wake kisu mbele ya darasa zima. Katika Rebel Without a Cause (1955) ya Nicholas Ray, vijana wanapigana kwa visu nje ya jumba la kutazamia nyota la Griffith, Los Angeles. Tamthilia ya muziki ya West Side Story ilifuata mwaka 1957, na filamu yake mwaka 1961. Kati ya hapo, tarehe 12 Agosti 1958, Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya visu hivyo kati ya jimbo na jimbo. Na mwaka 1959 Uingereza ikapiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza.

Jambo la kuzingatia katika sheria ya Marekani ni kwamba haikutazama urefu wa bapa wala ukali wake. Ilitazama namna ya kufunguka. Kisu cha jikoni chenye urefu wa shubiri kiliachwa, ilhali kisu kifupi chenye kitufe kilikatazwa. Walioachiwa ni wachache, miongoni mwao askari walio kazini na mtu mwenye mkono mmoja, ambaye aliruhusiwa kuwa na bapa lisilozidi inchi tatu. Kwa maneno mengine, sheria ilikubali kwamba kitufe kina matumizi ya halali kwa anayekihitaji. Kilichoogopwa ni mkono wa kijana wa mtaani. Na mkono huo wengi waliupiga kura hawakuwa wameuona popote isipokuwa kwenye pazia la sinema.

Filamu iliyolitambua tatizo hili mapema kuliko nyingine, kwa maoni yetu, ni 12 Angry Men (1957) ya Sidney Lumet, iliyotokana na mchezo wa televisheni wa Reginald Rose wa mwaka 1954. Kijana wa mtaa wa makabwela anashtakiwa kwa kumuua baba yake. Ushahidi wa kutisha ni kisu cha kufyatuka chenye mpini wa nakshi, ambacho inadaiwa hakina mfanowe. Mzee wa baraza anayeigizwa na Henry Fonda anachomoa mfukoni kisu kingine kinachofanana nacho sawia na kukikita mezani kando ya kile cha kwanza. Amekinunua karibu na nyumbani kwa mshtakiwa. Upekee wa kisu unakufa papo hapo. Baadaye mjumbe mwingine, aliyekulia katika mtaa wa namna hiyo, anaonyesha kwamba mtu aliyezoea kisu cha kufyatuka hukishika kwa chini na kuchoma kuelekea juu, wala hainui mkono juu ya kichwa; nalo jeraha la marehemu lilielekea chini. Waliobaki kumi, wenye kauli kali juu ya vijana wa visu, hawakujua hata kinavyoshikwa. Haya ndiyo maarifa ambayo taswira haitoi: taswira humwonyesha mtazamaji kisu kinavyofunguka, haimwonyeshi kinavyotumika.

Watazamaji wa Tanzania hawakuyapokea mambo haya kutoka Hollywood peke yake. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyotawala majumba ya sinema ya Zanzibar na Tanzania Bara, na Awara (1951) ya Raj Kapoor ni miongoni mwa zile zilizopendwa kizazi hadi kizazi. Inafaa filamu hiyo isomwe sambamba na 12 Angry Men. Zote mbili hutupeleka mahakamani. Zote mbili zina mwana aliyeshtakiwa kwa kumdhuru baba: katika Awara, Raj anatuhumiwa kujaribu kumuua Hakimu Raghunath, ambaye ndiye baba yake aliyemfukuza mama yake. Hakimu huyo anaamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi, na jambazi Jagga anamlea Raj katika wizi ili kumkomoa. Kinachohukumiwa si chombo cha jinai. Kinachohukumiwa ni malezi. Mtazamaji wa Unguja au wa Dar es Salaam alitoka ukumbini akiwa na hoja ya kubishania njiani: je, nani hasa aliyemtia Raj kisu mkononi?

Sinema ya India ilikuwa pia na kisu chake yenyewe, kile cha Rampur, mji wa jimbo la Uttar Pradesh, chenye bapa refu linalokunjwa na kushikiliwa kwa kamani. Katika Waqt (1965) ya Yash Chopra, Raaj Kumar anamnyang'anya kibaraka wa tajiri wa wezi kisu chake na kumwambia kwa upole kuwa si kitu cha watoto kuchezea. Tazama jinsi neno la jarida la Marekani la mwaka 1950 na kauli hii vinavyokutana katika fikra ya mchezo wa mtoto, ila huku kitisho kimegeuzwa dhihaka. Shujaa wa Kihindi anashinda kwa kukidharau kisu.

3.0 Msamiati wa Kiswahili

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika la kukitaja kisu hiki. Husikika kisu cha springi, kisu cha kukunja, na pengine kisu tu. Kisu cha kukunja hakitoshelezi, kwa kuwa visu vingi vya kukunja hufunguliwa kwa ukucha. Neno kamani, ambalo wazee walilitumia kwa springi ya saa, lingefaa, na kwa bahati njema ndilo lile lile litumikalo India kwa visu vya Rampur. Lakini vijana wengi wa leo hawalijui. Sisi tunapendekeza kisu cha kufyatuka. Kitenzi fyatua hutumika kwa mtego na kwa bunduki, mahali ambapo nguvu iliyozuiwa huachiwa ghafla. Hutumika pia kwa matofali, na mkazi wa Rujewa anaposema kuwa leo anafyatua, msikilizaji ataelewa kwamba yuko kwenye udongo na kibao chake. Kwa hiyo neno lina upande wa kazi na upande wa hatari, jambo linaloafiki kitu chenyewe.

Lenye uzito zaidi ni sarufi. Kisu kinapokuwa zana, vitenzi vinavyoandamana nacho ni kata, menya, chonga, chuna, chinja. Na yambwa ya vitenzi hivyo ni kitu au mnyama. Kinapokuwa silaha, vitenzi hubadilika: choma, chomoa, tolea. Linganisha sentensi hizi mbili: Alitoa kisu na Alimtolea kisu. Ya kwanza haina ugomvi wowote. Huenda anataka kumenya chungwa. Ya pili ni tishio, na tishio zima limebebwa na kiambishi cha kutendea. Hakuna kilichobadilika katika chuma. Kilichobadilika ni kwamba mtu amewekwa mbele yake. Hali kadhalika ngeli: kisu kikiitwa jisu, msikilizaji hujua kwamba msemaji amekwisha kukitia hatiani, hata kama urefu wake haukuongezeka hata kwa unywele.

Methali na misemo kwa kiasi kikubwa hukiweka kisu upande wa mlo na kazi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama husifu maandalizi na uwezo. Kisu kufika kwenye mfupa ni lugha ya dhiki, lakini picha yake imetoka buchani, si vitani. Anayeonywa katika Mtoto akililia wembe mpe ni mlilia wembe mwenyewe. Na pwani, jambia ni pambo la heshima; katika nembo ya taifa la Oman limo jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Hatuoni katika hazina hii mahali ambapo kisu kwa umbo lake tu kimekuwa kitambulisho cha mhalifu. Hata katika riwaya za upelelezi, Willy Gamba wa Elvis Musiba hutegemea bastola, na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hutegemea akili na kiko chake.

Hapa pana suala la tafsiri ambalo wanafunzi wa uzamili wangeweza kulifuatilia. Katika mabanda ya video ya miji midogo ya Tanzania ilizuka sanaa ya kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na Lufufu alikuwa miongoni mwa wasanii wake mashuhuri. Katika filamu za Marekani maana ya kisu cha kufyatuka imo katika sauti yake: kishindo kidogo kikavu, kisha kimya. Msimuliaji anayezungumza juu ya filamu huifunika sauti hiyo. Analazimika kukisema kile ambacho mlio ulikisema, na akisema kisu peke yake amepoteza nusu ya tukio.

4.0 Kutoka Solingen hadi Usangu

Kisu cha kukunja kilichoenea kweli Afrika hakikutoka Italia wala Rampur. Ni Okapi, kilichoanza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wanasayansi wa Ulaya wamtangaze mnyama okapi wa misitu ya Kongo. Tangu miaka ya 1980 kisu hicho hutengenezwa Afrika Kusini. Okapi hakifyatuki, bali hulia kwa meno ya chuma kinapofunguliwa, na mlio huo umekipa sifa mbaya mitaani Afrika Kusini, na visu vya aina yake Jamaika, ilhali kiliuzwa kama kisu cha bei nafuu cha mkulima.

Sheria ya Tanzania ilifuata njia nyingine. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inamtia hatiani anayetembea hadharani na silaha, pasipo sababu ya halali, kwa namna ya kumtia mtu hofu. Hakuna kitufe wala kamani katika maneno hayo. Kinachopimwa ni namna na hofu. Kipimo hiki kinaafiki sarufi tuliyoieleza, kwani nacho kinauliza kama pana mtu aliyetolewa kisu. Lakini kina udhaifu wake: hofu ya nani?

Usangu inalifanya swali hilo kuwa zito. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wafugaji wengi, Wasukuma, Wabarbaig na Waparakuyo miongoni mwao, waliingia katika tambarare hizo na mifugo yao, wakawakuta Wasangu na wakulima wa mpunga. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji kwa maelfu, kwa hoja ya kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Katika habari za migogoro ya wakulima na wafugaji nchini, vyombo vya habari vina fungu la maneno wanalolirudiarudia: silaha za jadi. Ndani yake hutiwa mikuki, mishale, mapanga, marungu na sime. Fungu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, neno jadi humhusisha mbebaji na kabila kabla hajahusishwa na tendo. Panga la dukani, lililotengenezwa kiwandani, si la jadi ya mtu yeyote. Pili, neno silaha limeshatoa hukumu. Mkulima aliyekutwa na panga shambani ana zana. Mfugaji aliyekutwa na sime njia iyo hiyo ana silaha ya jadi. Sime hiyo asubuhi ilikata kamba na kuchuna ngozi.

Kwa hiyo ripoti inayosema kwamba mtu alikamatwa akiwa na silaha ya jadi haijaeleza kitu ambacho mahakama inaweza kukipima. Ripoti inayosema kwamba alikuwa na sime kiunoni, ndani ya ala, akiswaga ng'ombe, imeeleza. Ikisema kwamba aliichomoa na kumtolea fulani, imeeleza zaidi, na kitenzi kimoja chenye kiambishi chake kimefanya kazi ambayo nomino silaha haiwezi kuifanya.