Dondoo muhimu: Kuishika alumini kabla ya kuichomelea

Fundi wa jua kali wa Pumwani au Kamukunji aliyezoea chuma hunyoosha mkono kuchukua sumaku ya pembe. Kwa alumini, irudishe: haishiki kitu. Utahitaji klempu.

• Safisha kabla ya kufunga. Futa grisi kwa asetoni, iache ikauke kabisa, kisha sugua kwa brashi ya waya usioshika kutu, brashi ya alumini pekee. Utando wa oksidi ulio juu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini safi huyeyuka kwenye 660. Usiposugua, utapasha moto utando huku chini kukitoboka.

• Funga vipande juu ya chuma kilichonyooka, mbao zitaungua. Kwa joto lile lile, alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Fremu ya dirisha iliyokaa sawasawa hupinda kazi ikiwa katikati. Kwa hiyo kaza upande mmoja, mwingine uushike tu, upate pa kutanukia. Bomba jembamba lisibonyezwe: weka kibati cha alumini chini ya meno ya klempu.

• Shikiza ncha zote mbili, kisha katikati. Pima kwa skwea. Vidonge vya kushikizia viwe virefu kuliko vya chuma, maana vidogo hupasuka vikipoa.

• Alumini haiwi nyekundu ikipata moto. Vaa glavu unapofungua klempu.