Kabla ya Msongamano wa Oktoba: Wekundu wa Kwanza wa New Hampshire

Wageni wengi wanaokwenda New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kutazama majani yakibadilika rangi hufika mwanzoni mwa Oktoba. Milima huwa inawaka kweli, hilo halina ubishi. Ila hoteli nazo zimejaa, bei zimepaa, na wikendi ya sikukuu ya Jumatatu ya pili ya mwezi huo utaangalia zaidi taa za nyuma za magari kuliko miti. Mimi nakushauri uwahi: nenda kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba, ukikwepa tu Siku ya Wafanyakazi, ambayo kule ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Rangi zitakuwa chache, lakini utazitazama kwa nafasi.

Sharti ujue pa kutazama. Ukiinua macho milimani utaona kijani kitupu na kudhani umepoteza nauli. Tazama chini penye maji: vinamasi, kingo za mito, madimbwi yaliyozibwa na biva, yule mnyama mkubwa wa jamii ya panya anayeangusha miti kwa meno. Huko humea mepoli nyekundu, za ukoo mmoja na ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mizizi yao hukaa kwenye matope yenye hewa haba, hivyo mti huelemewa na kuanza kugeuka mapema kuliko wenzake wa mlimani. Ukiona ukanda mwekundu umekatiza msitu wa kijani, karibu kila mara chini yake kuna maji. Tawi moja jekundu kando ya barabara ni jambo tofauti. Mara nyingi mti huo unaumwa.

Sisi tuliozoea mbuyu kupukutisha majani wakati wa kiangazi huenda tukafikiri huku nako ni ukame. Ukame mara nyingi huleta kahawia kwenye kingo za jani. Kinachoupa mti ishara kubwa ni mchana kufupika: Juni huzidi saa 15, kisha Septemba hupungua kwa takriban dakika 3 kila siku. Mti huacha kutengeneza klorofili, kijani hufifia, na njano iliyokuwamo siku zote hujitokeza. Wekundu hutengenezwa upya kutokana na sukari iliyobaki jani linapoanza kujitenga na tawi. Kwa hiyo fuatilia utabiri wa hali ya hewa: jua kali mchana na baridi ya usiku isiyofikia kuganda ndiyo dalili njema.

Njia ya kupita ni Kancamagus, barabara nambari 112, yenye jina la mtemi wa karne ya 17 wa Wapennacook, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Ni kama kilomita 55 kutoka Lincoln hadi Conway, na kilele chake ni mita 870 hivi. Kutoka Boston hadi Lincoln ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Ukifikia kwa ndugu huko Portland, Maine, mji wenye Wakongo, Wanyarwanda na Warundi wengi, Conway iko kama kilomita 100 tu. Usiipite mbio. Simama Lily Pond karibu na kilele, kisha ufuate Mto Swift ukiteremka upande wa Conway. Asubuhi, jua likiwa nyuma ya jani, ndipo picha hutoka vizuri.

Njiani hakuna kituo cha mafuta wala mkahawa, na simu hupoteza mtandao, basi jaza tangi mjini na ubebe chakula. Aliyezoea kuendesha kushoto akumbuke kwamba huku ni kulia. Jioni punguza mwendo kwa sababu ya musi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye miguu mirefu mno: ukimgonga, mwili wake huangukia kioo cha mbele. Chukua pia sweta kwa ajili ya baridi ya usiku.

Tena, usichume kila jani jekundu linalokuvutia. Kuna mmea utambaao, wenye majani matatu matatu, ambao nao huwahi kugeuka na hupenda kukwea vigogo vya miti. Mafuta yake huleta upele unaowasha kwa majuma. Ukiugusa, nawa haraka kwa sabuni na maji mengi, na nguo zako uzifue pia.