Waya Mwembamba Unavyozuia Joto

SWALI: Hapa Kinkondja tunachaji simu kwa paneli za jua, na simu hizo hupata moto upesi. Je, silikoni iliyomo ndani ya simu, ikiwa nyembamba mno, hupitisha joto kama ile nene? (Msomaji, Kinkondja)

JIBU: La, na tofauti yake inashangaza. Kipande kinene cha silikoni safi hupitisha joto takriban wati 148 kwa meta kwa kila digrii, zaidi ya theluthi ya uwezo wa shaba. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima waya wa silikoni wenye kipenyo cha nanometa 22. Wakapata chini ya 10.

Joto la silikoni hubebwa hasa na fononi, yaani mitikisiko ya atomi. Penye nafasi, nyingi husafiri mamia ya nanometa bila kizuizi; ndani ya waya hugonga kuta mapema, kama mtumbwi uliobanwa na mafunjo ya Ziwa Kisale. Mwaka 2008 waya zenye kuta zilizoparuzika, nene kiasi cha nanometa 50, zilishuka hadi 1.6 hivi, huku umeme ukiendelea kupita vizuri. Hapo ndipo penye faida kubwa: kitu kinachopitisha umeme na kuzuia joto kinaweza kugeuza joto kuwa umeme.

Ndani ya simu, hata hivyo, tabia hiyo ni adha, kwani joto hukwama palepale linapozaliwa. Kwa hiyo acha paneli juani, lakini simu iweke kivulini inapochaji.