Somo la Ujirani: Watoto wa Griftu na Rafiki Zao wa Ng'ambo

Shule nyingi duniani hufanya urafiki na shule za nchi nyingine, watoto wakapelekeana barua, picha na ramani. Mpango mmoja wa namna hiyo, ulioitwa Connecting Classrooms, uliendeshwa na British Council, na shule za Kenya zilikuwamo. Lakini barua njema haianzi kwa kalamu. Huanza kwa macho. Mtoto asiyeutazama mtaa wake hana la kumwambia rafiki aliye mbali. Yafuatayo ni mazoezi manne yanayofaa darasa la Griftu, katika Wajir Magharibi, na shule nyingine yo yote.

La kwanza ni ramani. Watoto wagawanywe katika makundi ya watano watano, kila kundi lichore njia za kwenda shuleni, sokoni, msikitini, kwenye chuo cha mafunzo ya wafugaji, na mahali pa maji. Ramani zikiisha, zibandikwe ukutani zilinganishwe. Hazitafanana, kwa maana binti achotaye maji anazijua njia ambazo mvulana achungaye mbuzi hazijui. Mwalimu na aulize: Ni nani aliyesahauliwa katika ramani hizi?

La pili ni majira. Wasomali huhesabu majira manne: Jilaal ya kiangazi kikali, Gu ya mvua kubwa, Hagaa ya ukavu, na Deyr ya mvua fupi. Uingereza nako majira ni manne, ila huko hupimwa kwa baridi na joto, na huku kwa mvua. Kila mtoto achore duara, aligawe mara nne, na katika kila sehemu aandike kazi za jirani zake: lini ngamia hupelekwa mbali, na lini maziwa huwa mengi.

La tatu ni kuwauliza wakubwa. Kuuliza si ujinga. Mtoto amwulize mzee mmoja, kwa adabu, jinsi jirani aliyefiwa na mifugo alivyosaidiwa zamani. Huenda akaelezwa desturi ya kumwazima mnyama mwenye maziwa, ili watoto wake wasilale na njaa. Tena amwulize mama mmoja habari za soko la Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilipopigana, wanawake wa koo mbalimbali walipatana kwanza kulilinda soko, ili kila mmoja auze na kununua bila hofu; na kutoka hapo ikaenea kazi ya amani. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki mwaka 2011.

La nne ni barua yenyewe, na hapa pana jambo zito. Watu wengi wa mbali huisikia habari ya Wajir wakati wa ukame tu. Ni kweli kwamba tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi ikafa. Mtoto asilifiche jambo hilo, wala asiliandike peke yake. Akiandika njaa tu, rafiki yake atamhurumia, lakini hatamjua. Aandike na nani aligawana maji na nani, nani alimlea mtoto wa jirani, na mchezo gani uliwachekesha jioni.

Mwisho, kila barua iwe na maswali matatu: Jirani yako ni nani? Akiugua, nani humpikia? Mkigombana, nani huwapatanisha? Majibu yakirudi, yasomwe darasani kwa sauti, kisha watoto wajiulize maswali yayo hayo. Mwalimu aombe ruhusa ya wazazi kabla ya kupeleka picha ya mtoto au jina la mtu ye yote.