Katika Kubainisha Kwa Nini Mwenye Akili Hughurika na Mali ya Mtandaoni

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu wa pwani, huenda mmepata kusikia jina la Msalato, kitongoji kilichoko kaskazini ya mji wa Dodoma, kwa ajili ya mnada wake wa Jumamosi. Atakaye kuijua akili ya mtu wa biashara na aende huko siku hiyo. Mnunuzi wa mbuzi hamwamini muuzaji hata kidogo: hufungua kinywa cha mnyama akatazama meno, humpapasa mgongo, humtembeza aone kama hachechemei. Mnunuzi wa mtama naye hutia mkono mpaka chini ya gunia. Na hayo tumefunzwa na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambaye alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata maji, akamkanya mwenye chakula kwa kuuficha ubichi chini.

Basi ajabu ni hii. Mtu huyo huyo aliyemtesa muuzaji wa mbuzi kwa maswali asubuhi nzima, jioni hukaa barazani akatuma kwa simu shilingi laki mbili kwa mtu asiyemjua jina, wala sura, wala mji, kwa kuahidiwa kuwa fedha hizo zitazaa kila siku. Wasemao kwamba huu ni ujinga mtupu hawakulichungua jambo. Katika darasa zetu wamo walioingia humo, na miongoni mwao yumo awezaye kugawa mirathi ya warithi kumi bila ya kukosea sehemu moja. Tamaa ipo, hatukatai. Walakini tamaa i kwa kila mtu, na si kila mtu aliyetapeliwa.

Mimi naona ya kuwa mwenye akili huingia kwa mlango wa akili yake mwenyewe. Yeye haendi kwa pupa. Hujaribu kwanza kwa kidogo. Hutia elfu hamsini, akangoja, na siku iliyoahidiwa huenda kwa wakala akazitoa pamoja na ziada, akazihesabu mkononi. Hapo akili humwambia: umejaribu, umeona. Na kweli ameona. Lililofichwa ni kwamba ziada ile haikutoka katika biashara yoyote. Ni fedha za mtu aliyeingia juzi. Jaribio ndilo mtego wenyewe, nao umetegewa hasa mwenye hadhari, kwani mpumbavu hahitaji kuonyeshwa kitu.

Hila hii si mpya. Katika mji wa Boston, huko Marekani, mwaka 1920, mtu aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya nusu ya mali yao kwa siku 45, akidai kuwa anafanya biashara ya hati za posta za nchi za nje. Wa mwanzo aliwalipa kweli, na kwa hao wakaja maelfu, wakiwamo askari polisi wa mji huo. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo jambo likaporomoka, ikadhihiri kuwa ile biashara ya hati haikuwapo ila kwa jina.

Ama mlango wa pili ni mpokezi wa khabari. Hapa nawakumbusha ndugu waliosoma kidogo ilimu ya hadithi. Sisi tukiletewa khabari hatutosheki na ukweli wa yule aliyetuambia; huuliza naye kapokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka juu. Sasa tazama khabari ya mali hii. Aliyekuletea ni jirani yako, mkweli, msali wa jamaa. Yeye kaipata kwa shemeji yake, naye mkweli. Shemeji kaipata katika kundi la WhatsApp. Na huko juu? Ni majhuli, mtu asiyejulikana. Wapokezi wote ni waaminifu isipokuwa yule mmoja ambaye khabari yote imemtegemea. Jirani hakusema uongo aliposema kuwa kalipwa; alikuwa shahidi mkweli wa jambo la uongo, na shahidi wa namna hii ni mgumu kumkataa kuliko mwongo.

Yaliyopita nchini Tanzania yanatosha kuwa dalili. Mwaka 2009 serikali iliizuia DECI, ambayo watu walikuwa wakiambiwa wapande mbegu kisha wavune, na viongozi wake walikuwa wachungaji. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani baadhi yao. Tusiwacheke Wakristo kwa hilo. Kwetu pia nimesikia ikisemwa kuwa mali hii ya simu ina baraka, na kwamba ni halali kwa kuwa haina riba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 polisi wakawakamata watu katika mikoa kadhaa kwa jambo la LBL, la kutia fedha kwa njia ya simu. Na wengi hukuita kufanya hivi upatu. Upatu wa wake zetu ni wa watu wanaojuana, kila mmoja hupokea kile kile alichotoa, kwa zamu. Huu umeazima jina tu.

Mwenye kupenda hesabu na ahesabu. Kila mtu akitakiwa alete watu watano, wa kwanza huleta 5, hao huleta 25, nao 125. Raundi ya kumi na moja hutaka watu 48,828,125, na jumla ya wote hufika 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wa Tanzania 61,741,120, na vitoto vichanga vimo. Raundi ya kumi na mbili ingetaka watu 244,140,625. Watatoka wapi?

Kisha kuna hila ya mwisho. Fedha zikizuiwa, huambiwa: lipa kodi kidogo ndipo ufunguliwe. Mwenye akili hulipa, kwa kuogopa kupoteza za kwanza. Anayeuliza katika kundi hutolewa, basi wanaobaki huona kimya wakadhani ni salama. Na aliyekwisha kuliwa huona haya kusema, hata kwa mkewe.

Suala. Mzee mmoja aliniuliza: mimi nilipata zaidi ya nilichotia, na nilipewa ujira kwa kuwaleta watu tisa, je, ni zangu?

Jawabu. Si zako. Rasilimali yako ni haki yako. Kilichozidi, pamoja na ujira, ni mali ya watu iliyochukuliwa kwa batili, nayo imekatazwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 29. Wenyewe ukiwajua warudishie. Usipowajua, Imam Nawawi katika al-Majmuu amenakili kwa Ghazali kwamba hutumika katika maslaha ya Waislamu au wakapewa mafakiri. Kusema kwamba hukujua kunakuondolea dhambi ya wakati ule, hakukumilikishi mali.

Alinyamaza kitambo, akaondoka. Nalidhani hatarudi. Wiki ya pili alikuja na karatasi yenye majina tisa. Mpaka naandika haya amewalipa watano, na mbuzi wake wawili walipelekwa mnadani Jumamosi iliyopita.

Wallahu aalam.