Kuhamishia programu ya Go kwenye logi za slog

Toleo la 1.21 la lugha ya Go, lililotoka tarehe 8 Agosti 2023, liliingiza pakiti mpya ya `log/slog` katika maktaba ya msingi ya lugha hiyo. Kazi ya pakiti hii ni kuandika logi zenye muundo: kila tukio la programu huwekewa muda, kiwango cha uzito, ujumbe mfupi na jozi za majina na thamani. Pakiti ya zamani ya `log`, iliyokuwepo tangu Go 1 ya mwaka 2012, huandika sentensi tu. Sentensi humtosha mtu anayesoma mstari mmoja. Seva inayotoa mistari maelfu kwa maelfu hakuna awezaye kuisoma yote. Logi zake huulizwa maswali. Muamala huu ulikwama wapi? Ni wateja wangapi wamepata hitilafu ileile tangu asubuhi? Jibu hupatikana haraka pale tu ambapo kila taarifa ina jina lake.

Kabla ya slog, mahitaji hayo yalitimizwa na maktaba za nje. Logrus ilitangulia, kisha zikaja zap ya Uber na zerolog, zilizotilia mkazo kasi. Zote ni programu huria na zote zina watumiaji wengi. Shida huanza mradi mmoja unapotegemea maktaba za watu mbalimbali: hii huandika kwa logrus, ile kwa zap, nyingine kwa `log`, na mwenye mradi hubaki na mitindo mitatu ya logi mahali pamoja. Ndiyo maana timu ya Go ilifungua mjadala wa wazi kwenye GitHub mwaka 2022, ukiongozwa na Jonathan Amsterdam, na pakiti ikajaribiwa kwanza nje ya maktaba ya msingi kabla ya kukubaliwa.

## Sehemu mbili za slog

Slog ina upande wa mbele na upande wa nyuma. Mbele kuna `Logger`, ambayo ndiyo huitwa na msimbo wa kila siku. Nyuma kuna `Handler`, inayoamua logi iandikwe kwa sura gani na ipelekwe wapi. Handler mbili za kuandika logi huja tayari: `TextHandler`, inayoandika jozi kwa alama ya usawa, na `JSONHandler`, inayoandika kila tukio kama mstari mmoja wa JSON. Anayetaka nyingine huiandika mwenyewe kwa kutimiza mbinu nne tu: `Enabled`, `Handle`, `WithAttrs` na `WithGroup`. Kisha huipima kwa pakiti ya `testing/slogtest`. Kwa mgawanyo huu, upande wa nyuma unaweza kubadilishwa bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo unaoandika logi.

## Hatua ya kwanza: kubadilisha handler

Uhamisho huanzia kwenye `main`, kwa mistari miwili. Mstari wa tatu hapa ni mfano wa matumizi:

```go
h := slog.NewJSONHandler(os.Stdout, nil)
slog.SetDefault(slog.New(h))

slog.Info("malipo yamekamilika", "muamala", "TX4821", "kiasi", 15000)
```

Kinachotoka ni hiki:

```
{"time":"2024-03-11T14:07:32.418205617+03:00","level":"INFO","msg":"malipo yamekamilika","muamala":"TX4821","kiasi":15000}
```

`SetDefault` ina faida nyingine kubwa: hukamata pia logi za pakiti ya zamani. Kila `log.Printf` iliyomo kwenye mradi, na kwenye maktaba unazozitegemea, huanza kutoka kama JSON ikiwa na kiwango cha INFO. Hivyo mradi mkubwa hauhitaji kuandikwa upya kwa siku moja. Handler hubadilishwa kwanza, kisha faili hufuata moja baada ya nyingine.

## Hatua ya pili: kutenganisha ujumbe na taarifa

Katika mtindo wa zamani, thamani huchomekwa ndani ya sentensi: "malipo ya 15000 yamekamilika kwa muamala TX4821". Kila mstari hutofautiana na mwenzake, na kuhesabu malipo yaliyokamilika hulazimu kutafuta kwa ruwaza za maandishi. Katika slog, ujumbe hubaki uleule daima na kinachobadilika huwekwa kwenye jozi. Hii ndiyo kazi halisi ya uhamisho, na haiwezi kuachiwa zana ya kutafuta na kubadilisha.

Majina ya jozi yanahitaji makubaliano ya timu nzima. Faili moja ikiandika `muamala` na nyingine `muamala_id`, anayetafuta kwa jina moja atapata nusu ya habari bila kujua kwamba nusu nyingine ipo. Dawa ni kuyaweka majina yote kama konstanti katika pakiti moja.

Taarifa inayorudiwa, kama kitambulisho cha ombi, huandikwa mara moja kwa `With`. Logger inayorudishwa huibeba taarifa hiyo katika kila mstari inaouandika baadaye.

## Viwango vya uzito

Slog ina viwango vinne: Debug ni -4, Info 0, Warn 4 na Error 8. Nafasi iliyoachwa kati yao ni ya makusudi. Timu inaweza kuweka kiwango chake katikati, na namba hizo hulingana na za mfumo wa OpenTelemetry kwa kuongeza 9 tu. Seva inayofanya kazi hufaa kupewa `LevelVar`, ambayo huruhusu kushusha kiwango hadi Debug wakati wa kuchunguza hitilafu na kukirudisha baadaye, bila kuizima seva.

## Kuficha siri

Namba za simu, nywila na tokeni hazina nafasi kwenye logi. Slog huwezesha aina yenyewe ya data kujilinda kwa mbinu ya `LogValue`:

```go
type Simu string

func (Simu) LogValue() slog.Value {
	return slog.StringValue("imefichwa")
}
```

Kuanzia hapo, thamani yoyote ya aina ya `Simu` iliyowekwa kwenye jozi hutoka ikiwa imefichwa, hata mwandishi wa msimbo akisahau. Ulinzi huu una mpaka wake. Struct nzima ya mteja ikitupwa kwenye logi, `JSONHandler` huigeuza kuwa JSON bila kuita `LogValue` za sehemu zilizo ndani, na namba ya simu huonekana wazi. Struct inayobeba siri inapaswa kuwa na `LogValue` yake yenyewe.

## Mitego ya kuangaliwa

Jina au thamani ikikosa mwenzake, msimbo hukubali na kufanya kazi, lakini logi hutoka na jina `!BADKEY`. Tangu toleo la 1.22, `go vet` hulibaini kosa hilo, kwa hiyo amri hiyo iwekwe kwenye ukaguzi wa kila badiliko. Njia nyingine ni kutumia `LogAttrs`, isiyokubali jozi zilizolegea.

`InfoContext` hupokea context na kuifikisha kwa handler, ila handler mbili za msingi hazichukui chochote ndani yake. Anayetaka kitambulisho cha ombi kitoke kwenye context ni lazima aandike handler ya kufanya hivyo.

Majina yaliyojirudia hayaondolewi. `With` ikiweka `ombi` na mstari wenyewe ukaweka `ombi` tena, JSON itakuwa na jina hilo mara mbili, na baadhi ya mifumo ya kuhifadhi logi huvurugwa na hali hiyo.

Muda wa aina ya `time.Duration` huandikwa na `TextHandler` kwa namna ya kusomeka, kama `1.2s`, lakini `JSONHandler` huuandika kwa nanosekunde. Chati na tahadhari zizingatie kipimo hicho.

Mwisho, hoja za mwito wa logi hukokotolewa hata pale kiwango chake kimezimwa. Thamani yenye gharama ya kukokotoa iwekwe ndani ya `LogValue`, ambayo huitwa tu pale mstari unapoandikwa kweli.

## Nani ahamie

Mradi mpya wa Go hauna sababu ya kuanza na kitu kingine. Mradi unaoendeshwa vizuri na zap au zerolog unaweza kuibakiza maktaba hiyo nyuma kama handler, huku msimbo mpya ukiandikwa kwa slog. Wanaotunza maktaba huria ndio wenye wajibu mkubwa zaidi: wapokee `*slog.Logger` kutoka kwa mtumiaji badala ya kumchagulia maktaba ya logi. Kila maktaba inayofanya hivyo humpunguzia mwenye mradi mtindo mmoja wa ziada wa kushughulika nao siku mfumo unapokwama.